Sekunde Kumi kwa Mwezi

Wakubwa zangu, shikamooni. Wenzangu, habari za mchana. Mama mwenyekiti ameniambia nikae nizungumze kwa utulivu, lakini mniwie radhi, nitasimama. Nikikaa, mguu huu unaanza kutikisika na nitawasumbua walio jirani.

Naona wengine hapa bado mko kwenye dozi ya kifua kikuu. Wengine mmemaliza. Mimi nilimaliza, na nataka kuwasimulia yaliyonipata baada ya kumaliza. Kuugua kwenyewe sina haja ya kuwaeleza. Kikohozi mnakijua, jasho mnalijua, na ule mkojo mwekundu unaotutisha siku ya kwanza ya vidonge mnaujua. Mnacheka! Mimi nilimwita mama nikalia, nikidhani ni damu.

Kabla ya hapo nilikuwa mkimbiaji. Wazazi wangu ni wakulima wa Mutuka, mahindi na mbaazi, na tangu sekondari nilikuwa nakimbia mita elfu moja mia tano. Kwa msiojua, hizo ni raundi tatu na robo tatu za uwanja. Ni mbio za kasi, lakini lazima ujue mapema kasi hiyo utaibeba mpaka wapi, maana ukiimaliza mwanzoni, mwishoni huna kitu. Muda wangu ulikuwa dakika nne na sekunde arobaini. Hapa mjini hakukuwa na msichana wa kunifikia. Kocha wangu alikuwa ananiambia, "Punguza sekunde chache tu, utaajiriwa kwenye timu ya jeshi." Kwetu hakuna aliyewahi kupata mshahara. Kwa hiyo ule muda haukuwa namba tu. Ulikuwa nyumba ya mama, ulikuwa kila kitu.

Ndipo nikaugua. Nilikipuuza kikohozi kile nikisema ni vumbi, mpaka siku moja nikashindwa kupanda ngazi za kanisani.

Nilipomaliza dawa, nesi aliniambia, "Vijidudu vimekwisha, dada. Lakini kifua chako kimechoka. Nenda taratibu." Ndugu zangu, nawaambia ukweli, mimi nilisikia neno moja tu: vimekwisha. Siku hiyo hiyo nikampigia kocha. Akafurahi sana. Akaniambia, "Kuna mchujo Arusha baada ya miezi mitatu. Ukirudisha muda wako, nafasi yako ipo."

Miezi mitatu. Nilitoka nyumbani siku ya pili kabla jua halijachomoza, nikiwa na saa mkononi, na raundi ya kwanza nikaikimbia kwa kasi ile ile ya zamani. Ya pili nikaanza kutembea. Nikasema ni uvivu, kesho nitajikaza. Kesho yake ikawa vile vile. Nikawa nakimbia asubuhi na jioni, kila mara napima, kila mara nashindwa, na kila nikishindwa naongeza. Usingizi ukanikimbia. Nikila, nakula nimesimama. Mama ananiambia, "Mwanangu, hebu keti basi," nami namjibu vibaya. Nikitumwa dukani naenda mbio, narudi mbio, na sukari nimeisahau. Mwili ulikuwa na kitu ndani kinachonisukuma, na kila kilipokuwa kikisukuma kifua kilikuwa kinakataa.

Siku ya mchujo nilitoka mbele ya wote. Raundi ya kwanza niliongoza, na nilimsikia kocha akipiga kelele kwa furaha. Katikati ya raundi ya pili kifua kikafunga. Nilivuta hewa, haikuingia. Nikaanguka kwenye nyasi ukingoni mwa njia, na wenzangu wakanipita mmoja mmoja. Kocha alikuja akanifunika koti lake. Akasema, "Pole, binti yangu," basi. Hakunilaumu. Afadhali angenilaumu.

Nilirudi nyumbani nikajifungia. Kifua kinauma, na mimi nimeshaamua moyoni kwamba ugonjwa umerudi, ila sitaki kuambiwa. Mama ndiye aliyenivalisha kama mtoto, akanipeleka hospitali. Wakapima makohozi, wakapiga picha. Ugonjwa haukuwa umerudi. Daktari akanionyesha kwenye picha sehemu ya juu ya pafu la kushoto. Akasema pale pamebaki kovu, na kovu halifutiki. Nikamuuliza, "Nitakimbia tena?" Akasema, "Utakimbia. Ila si kama zamani."

Nilifika nyumbani nikachukua viatu vyangu vya mbio nikavitupa shimoni kule nyuma, kwenye takataka. Wiki nyingi zikapita hivyo. Sikimbii, na kutulia pia siwezi; nikikaa, mguu huu unatikisika. Nazunguka uani, nafagia palipofagiwa.

Sasa, kuna dada mmoja. Simtaji jina, amenikataza. Baba yake ana duka pale karibu na soko, na yeye ni mwalimu wa shule ya msingi, anafundisha michezo. Tulikimbia pamoja miaka mingi, na miaka yote hiyo nilimpita. Kila mbio mimi wa kwanza, yeye wa pili. Tulikuwa tunasalimiana tu, urafiki haukuwepo. Siku moja nikamwona anaingia uani kwetu, amebeba chupa ya uji na mfuko. Akamwamkia mama, kisha akanigeukia.

"Nimesikia umeacha."

"Nimeachishwa," nikamwambia.

"Unataka kukimbia muda gani?"

"Muda wangu."

"Muda wako ni upi?"

"Wewe unaujua kuliko mtu yeyote. Uliuona ukiwa nyuma yangu."

Nilimwambia hivyo ili aumie. Hakuumia. Akasema, "Ule ni wa msichana mwenye mapafu mawili mazima. Nakuuliza wewe. Leo. Wako ni upi?"

Nilikuwa nimepima siku zote zile, asubuhi na jioni, na sikuwahi hata siku moja kumaliza raundi zote ili nijue ni muda gani. Nikishindwa ule wa zamani naacha njiani. Kwa hiyo nikapandisha hasira. "Wewe hujawahi kunipita hata mara moja."

"Kweli," akasema. "Twende nikupite leo."

Akafungua ule mfuko. Ndani kulikuwa na viatu vyake vya ziada. Tukaenda uwanjani. Ndugu zangu, alinipita raundi ya kwanza tu! Nikataka kutoka njiani. Akageuka akapiga kelele, "Maliza! Hata kwa kutembea, maliza!" Nilimaliza nikiwa naburuta miguu, na nikalia mbele ya watoto waliokuwa wanacheza mpira. Yeye alikuwa ameshika saa.

"Dakika sita na sekunde hamsini," akasema. "Vizuri. Sasa tunajua pa kuanzia. Mwezi ujao tunataka sita na arobaini."

"Sekunde kumi tu?"

"Sekunde kumi tu."

Nilimwona ananitukana. Mtu wa dakika nne, anaambiwa asherehekee dakika sita! Nikaondoka bila kuaga. Lakini njiani, na hapa ndipo maisha yangu yalipogeuka, nikagundua kwamba mguu umetulia. Ilikuwa mara ya kwanza tangu hospitali. Nilikuwa natembea kama watu wengine. Nilikuwa nimemaliza kitu. Kesho yake nikamtafuta shuleni kwake.

Akaniwekea masharti. Saa inakaa kwake. Tunapima mara moja kwa mwezi. Siku nyingine ni kukimbia polepole kiasi cha kuweza kuongea, na siku za kupumzika ni za kupumzika kweli. Msidhani nilitii. Niliponyang'anywa saa nikawa nahesabu kichwani. Akaniuliza, "Mbona midomo inacheza?" Nikasema naomba dua. Akacheka mpaka akakaa chini.

Mwezi ulipofika tukapima, nikakosa. Sita na arobaini na nne. Nikavua viatu vyake nikamrushia. Akaviokota, akasema kwa upole, "Hili lengo tulilipanga sisi wenyewe, mimi na wewe. Halikushuka kutoka mbinguni. Tulikosea kidogo, tutapanga upya." Akaniuliza ninalala saa ngapi. Nikamwambia ukweli kwamba silali. Akasema mwezi huu lengo ni kulala na kula umekaa, muda utulie ulipo. Mwezi uliofuata nikakimbia sita na thelathini na moja. Sikuamini. Nilimwomba anionyeshe saa mara mbili.

Tumekwenda hivyo. Miezi mingine sekunde kumi, miezi mingine tatu, mwezi mmoja niliumwa malaria nikarudi nyuma kabisa. Sasa niko dakika tano na sekunde ishirini. Kwenye ile timu sikuajiriwa, na umri umeshapita. Nashona nguo pale Nangara, ndiyo kazi yangu. Dakika nne na arobaini sitazifikia tena, na naomba nisiwadanganye kwamba jambo hilo haliniumi. Linaniuma. Nikiona wasichana wadogo wakipita barabarani na kocha, natoka kwenye cherehani nasimama mlangoni mpaka wapotee.

Namshukuru mama yangu, ambaye nilimjibu vibaya na bado akanivalisha akanipeleka hospitali. Namshukuru nesi aliyeniambia niende taratibu, nami nikasikia nusu. Na dada yule, yupo pale nyuma, ameinamisha kichwa. Nilimpita miaka yote, na siku nilipoanguka yeye ndiye aliyekuja.

Nanyi wenzangu, hasa mliomaliza dawa juzi juzi. Najua mnataka kurudi shambani kesho mlime eka ile ile, mbebe gunia lile lile. Nawaomba mjaribu leo kidogo, muone mwili unasemaje, halafu mwezi ujao muongeze kidogo juu ya hapo. Kwa mwingine, kufika bombani bila kupumzika ndilo lengo lake, asione aibu. Na akilikosa, apange lingine.

Sisi Jumamosi tunapima. Tunatafuta tano na kumi na tano. Nikikosa nitanuna mpaka jioni, najijua. Jumapili nitalala. Jumatatu asubuhi tutakuwa uwanjani tena, na anayetaka kuja kutembea pembeni, hata raundi moja, tutamsubiri amalize.

Asanteni. Sasa nakaa.