Mwezi Ndani ya Msitu

Nyuma ya bustani ya michezo kuna benchi la mbao ambalo mguu wake mmoja umewekewa tofali, kwa hiyo anayekaa upande ule hubishana kwa uangalifu. Asubuhi ile alikuwa amekaa Fundi Rangi, na uangalifu hakuwa nao hata chembe. Anakaa, anainuka, anakaa tena. Miguuni kwake palikuwa na ndoo ya rangi nyeusi, bado haijafunguliwa. King'ora cha kazi kikilia tu, alitakiwa aingie kwenye kona ya bustani iliyopambwa kama msitu, asimame mbele ya ukuta aliouchorea wanyama kwa mkono wake mwenyewe, aupake weusi tititi uwe anga la usiku. Bosi kaleta roketi ya kupandisha watoto, imetokana na filamu moja ya wanaanga, na amekata shauri kwamba wanaanga hao watatua pale pale, kati ya twiga na kiboko. Roho ya Fundi ilikuwa juu juu.

— Keti bwana! Benchi linatetemeka utadhani lina homa, alisema Breki, dereva wa treni ndogo inayowazungusha watoto mle msituni.

— Nikae vipi? Roketi msituni! Uliona wapi?

— Kwani roketi ikiishiwa mafuta inachagua pa kuangukia? Inaanguka popote. Mimi naona inafaa kabisa.

— Haifai! Mama Kahawa alikuja juu, birika mkononi. Ukishasema hapa ni msitu, mtoto akute majani, nyani, ndege. Ukimtilia mwezi katikati, kesho mwalimu atamuuliza twiga anaishi wapi, atajibu mwezini. Atafeli. Na waliofeli mnajua wanakoishia: atapewa wizara ya mifugo! Dawa ya kupe yote ataipeleka huko juu. Ng'ombe wetu wafe kwa ajili ya filamu?

— Ndiyo maana wahenga walisema, mchelea mwana kulia hulia yeye, alidakia Wakili. Huyu ni fundi viatu. Jina la Wakili walimpa kwa sababu hajawahi kukubali kushindwa, ingawa kushinda nako hajawahi.

— Sasa methali hiyo imeingiaje hapa? Breki aliuliza.

— Imepitia mlango wa nyuma. Nisikilizeni. Wewe Mama Kahawa, simba ulimwona wapi?

— Nilimwona... kwenye filamu.

— Breki, tembo?

— Filamu.

— Haya basi! Msitu wenyewe tumeujulia kwenye filamu. Pale ni filamu inaikaribisha filamu mwenzake. Mgeni njoo, mwenyeji apone! Fundi mwenyewe si alitazama filamu ndipo akachora?

Fundi aliruka kutoka kwenye benchi kana kwamba limemuuma.

— Nani kakwambia? Mimi niliwatazama ninyi!

Na ni kweli. Fundi Rangi hajui kuchora mnyama asiye na sura ya mtu. Alipopewa ukuta ule, kila asubuhi alikuja kijiweni, akanywa kahawa yake taratibu, akawaiba sura mmoja mmoja. Fisi mwenye kofia, meno yote nje, ndiye Breki. Kiboko anayeota jua ni Mama Kahawa; alimnunia Fundi wee, kisha akaanza kuwaleta mashemeji zake waje kumwona. Kasuku anayepayuka hakuna haja ya kumtaja.

— Kwani huyo fisi hawezi kubaki? Breki aliuliza, na sasa sauti imeshuka. Avalishwe kofia ya wanaanga tu, basi.

— Ahaa! Umeshahama upande! alisema Wakili.

— Sijahama. Natetea fisi.

— Kiboko hapakwi weusi mimi nikiwa hai, Mama Kahawa aliapa.

— Kiboko si tayari ni mweusi? alisema Wakili, akalazimika kukwepa kijiko.

Fundi hakucheka. Hawa walikuwa wanapigania sura zao, na sura zenyewe wanazo, wanatembea nazo. Mwisho wa ukuta, pale treni inapotokea, yupo swala mmoja ambaye hajawahi kumtaja kijiweni. Swala yule ni marehemu mkewe. Picha za mkewe zipo nyumbani, za arusi na za kitambulisho, lakini hakuna hata moja iliyompata vile alivyokuwa akigeuza shingo. Leo ampake weusi kwa mkono huu huu? Akapiga ndoo teke, akajiumiza kidole.

— Mimi nasema hivi, Wakili aliendelea, amepamba moto. Hata sisi hapa ni filamu. Bosi ndiye anatutazama, na siku akichoka, anazima!

— Azime kwako. Mimi sijamaliza kuuza.

— Hodi jamani. Kahawa ipo?

Alikuwa dada mgeni, mkanda wa bisibisi kiunoni, futi mkononi. Ndiye fundi aliyeletwa kuifunga roketi.

— Adui huyo, Breki alinong'ona kwa sauti iliyofika ng'ambo ya barabara.

Dada akacheka, akajibana pembeni ya benchi. Akamtazama Breki, kisha Wakili, akashika kichwa.

— Haa! Kumbe ni ninyi! Natoka kuupima ule ukuta sasa hivi. Fisi huyu, kasuku yule... shikamoo, mama.

— Marahaba. Sema tu, kiboko.

— Lakini kuna jambo limenishinda. Wanyama wote wanatazama treni. Yule swala wa mwisho peke yake kageuza shingo. Anamtazama nani?

Breki alimgeukia Wakili. Wakili naye akamgeukia Fundi. Mama Kahawa, aliyemfahamu marehemu, alimwangalia Fundi usoni, kisha akaliweka birika chini polepole.

— Jamani, alisema. Kumbe ni yeye.

King'ora kikalia. Fundi alikuwa amesimama tayari. Kila asubuhi mkewe akienda kazini, akifika kwenye kona alikuwa akigeuka kuangalia kama mumewe bado yupo mlangoni. Na alikuwepo, siku zote.

— Njoo na futi yako, dada, alisema. Usimame nilipokuwa nimesimama mimi nikimchora, utaona anamtazama nani. Halafu uniambie kama hiyo roketi haiwezi kusogea.

Akatangulia. Dada akaacha kikombe kikiwa nusu, akamfuata. Breki akainama ili amchukulie ile ndoo ya rangi, lakini Mama Kahawa alikuwa ameshaikalia.

— Kahawa imekwisha, alisema. Nendeni kazini.