Kompyuta Niliyoiunda Chumbani Hounslow

Ndugu zangu, mnaniona napanga viti hivi kila Jumapili, lakini hamjui nilikotolewa.

Bukavu nilikuwa fundi redio. Tulipokimbia kwetu Kongo tukafika Hounslow, hapa London, miaka ya tisini, mimi na mke wangu tulipewa chumba kimoja tusubiri kesi ya asylum, ile ya kuomba hifadhi. Kufanya kazi ilikuwa marufuku. Siku moja nikaokota gazeti kuukuu lenye michoro ya kompyuta ya kujiundia nyumbani: kibao, chipu chache, waya. Nikasema, hii naiweza.

Mwanzoni ilinituliza. Halafu nikaacha kuja ibadani hapa. Tukawa tunakula kitandani, maana meza ilijaa waya. Barua za wakili nilizisukuma chini ya godoro bila kuzifungua. Nawaambia ukweli, niliziogopa.

Mke wangu alikuwa na mimba ya miezi saba. "Papa, chumba kinanuka kuungua," aliniambia.

"Usiguse kitu," nikamjibu.

Nilihitaji kioo cha kompyuta, basi nikafungua televisheni mbovu, nikaitengeneza, nikaiacha bila kifuniko. Fundi yeyote anajua umeme uliomo mle unaua, hata ikiwa imezimwa. Nami nilijua. Nisikilizeni vizuri: nilijua.

Asubuhi moja herufi ya kwanza ikatokea kwenye kioo. Nikampigia kelele mke wangu, "Mama, njoo uone!" Akaja mbio, akajikwaa kwenye waya, mkono wake ukaingia ndani ya televisheni. Yeye sikumsikia. Nilisikia kichwa chake kikigonga ukuta.

Nikamwita. Kimya. Nikamshika tumbo. Kimya.

Jirani yetu, mama wa Kihindi mzaliwa wa Kisumu, ndiye aliyeita ambulensi. Mimi Kiingereza chote kilinitoka. Hospitalini muuguzi alizungusha chombo chake tumboni, akarudia, akarudia tena. Ndipo tukasikia moyo wa mtoto.

Mke wangu alipofumbua macho hakunilaumu. Aliuliza, "Papa, zile barua zinasema nini?"

Nilirudi chumbani nikazifungua. Tulitakiwa mbele ya jaji kesho kutwa yake. Ningechelewa kuzifungua siku tatu tu, tungerudishwa kule tulikokimbia.

Mume wa yule jirani alikuja kuutoa ule umeme uliobaki ndani ya televisheni. Wazee wa kanisa hili walinisindikiza kwa jaji. Tulikubaliwa. Asanteni. Binti yetu ni mzima. Mama yake vidole viwili havikunjiki hadi leo.

Ndugu yangu uliyeficha barua nyumbani, sikuulizi kwa nini. Ilete. Tutaifungua pamoja.