Mtamba wa Matundu Mawili

Pale kona ya soko la mji wa Wote, mbele ya duka la simu na kompyuta la Haroun, kuna benchi ambalo Mwanahamisi huliuzia kahawa ya tangawizi kutoka birika moja. Birika likikauka mjadala umekwisha, hata kama mtu yuko katikati ya uongo wake. Sheria ya hapo ni moja: mtu wa kona hanunui kitu kikubwa, awe ng'ombe, iwe pikipiki, liwe shamba, kabla benchi halijakikagua. Benchi halijui kila kitu, ila halijawahi kukiri hivyo. Siku hiyo vilivyoletwa kukaguliwa ni laptop mbili. Moja ilikuwa ya rangi ya fedha, nyembamba kama sahani. Nyingine ilikuwa nyeusi, nene kidogo, yenye matundu kila upande.

Mnunuzi alikuwa Mbaluka, dalali wa ng'ombe kutoka Kathonzweni. Kona ilimwita Meno, kwa sababu hataji bei ya mnyama kabla hajamfungua mdomo. Wanawe wa kiume, kila mmoja alipojenga kwake, alimpa mtamba, ng'ombe jike ambaye bado hajazaa, awe mwanzo wa boma. Kavindu, binti yake kitinda mimba, alikuwa amerudi nyumbani miaka miwili iliyopita na kazi yake ndani ya begi, akachukua chumba cha nyuma. Baba alipomwambia kuwa zamu yake imefika, alicheka. "Baba, mtamba nitamlisha saa ngapi? Nipe laptop, nyepesi lakini ya nguvu. Na uchague wewe, vile uliwachagulia kaka zangu."

Uchague wewe. Maneno hayo yalimkaa Mbaluka kifuani. Wanawe walikuwa wakisifu ng'ombe wake mpaka leo, naye alitaka huyu wa mwisho amsifu vivyo hivyo. Akichagua vibaya, Kavindu hatalalamika. Atashukuru tu, na shukrani ya namna hiyo ndiyo aliyokuwa akiiogopa.

Alizinyanyua laptop zote mbili, moja kila mkono, akazipima akiwa amefumba macho.

— Hii ya fedha imekonda, alisema. Ilipitia kiangazi gani?

— Haijakonda, Meno, Haroun akajibu. Wembamba ndio bei yenyewe. Siku hizi watu wanalipa zaidi ili wabebe kidogo.

— Mimi nikisema hivyo kwa mnada nitapigwa.

Haroun, ambaye kona ilimpa jina la Waranti kwa jinsi anavyoliapia neno hilo la dhamana, alieleza kwa subira. Bati lake ni la alumini. Betri inatoka asubuhi hadi jioni bila kuona umeme. Na haina feni, kwa hivyo haipigi kelele hata kidogo. Mbaluka aliiweka sikioni, akatulia.

— Haipumui.

— Si nimekwambia haina feni? Haihitaji.

— Mnyama asiyepumua nimewahi kumuuza, lakini nilimuuza kwa kilo.

Mwanahamisi alicheka mpaka kahawa ikamwagika nje ya kikombe. Nzomo hakucheka. Huyu kona ilimwita Saiba, maana aliwahi kuwa na chumba cha kompyuta cha kukodisha kabla simu hazijamnyang'anya wateja, na tangu siku hiyo anajiona mjane wa teknolojia. Aliichukua ile ya fedha akaigeuza pande zote kama mtu anayetafuta kupe.

— Matundu ni mawili tu, alisema. Na yote ni haya madogo ya Type-C. Flash zote ziko Makueni hii haziingii hapa.

— Kuna adapta, Haroun akasema. Unachomeka hapa, huko mwisho unapata matundu yote unayotaka.

— Na inakuja nayo?

Haroun alikunywa kahawa yake polepole sana.

— Adapta ni kando.

— Ngoja nielewe, Mbaluka akasema. Unaniuzia ng'ombe, halafu chuchu nanunua kando. Na mwenye chuchu mbili, Haroun, huyo ni mbuzi. Mbona hunipi bei ya mbuzi?

Basi wakaigeukia ile nyeusi. Ilikuwa na matundu ya flash mawili, tundu la kupeleka picha kwa televisheni, la kadi ya kamera, la earphone, na Type-C juu yake. Nzomo aliyahesabu kwa kidole huku akitabasamu, akasema wahenga hawakukosea, penye wengi hapaharibiki neno. Mwanahamisi akampinga. Alisema kila tundu ni mlango, na vumbi la Kathonzweni halibishi hodi. Redio yake yenyewe ilikuwa na kitundu kimoja tu, na sisimizi walihamia humo pamoja na malkia wao, ikawa inashika stesheni za kwao.

Mbaluka alifungua laptop zote mbili, akapitisha kidole gumba juu ya vitufe, safu ya chini kisha ya juu.

— Meno yote yapo. Lakini ni meusi. Washa tuone.

— Kuwasha hapana, Haroun akasema. Nikiiwasha imekuwa ya mkono wa pili. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

Methali hiyo iliwapita wote, lakini ilikuwa na guu ndani yake, wakaiheshimu. Kwa hivyo mjadala wa programu ulifanyika mashine zikiwa zimezimwa. Nzomo alisimama kabisa. Alieleza kwamba ile nyeusi inatumia Windows, na hiyo kila mtoto wa shule anaijua, lakini ile ya fedha ina mfumo wake wa kipekee, na programu uliyoizoea huku ikifika kule inaulizwa kitambulisho. Haroun akasema mfumo huo hausumbui na apdeti zake huisha mara moja.

— Usinitajie apdeti, Nzomo akasema. Watu husema saiba yangu ilifilisika. Haikufilisika, iko kwa apdeti mpaka leo.

— Sasa hii nyembamba, mafaili yanakaa wapi? Mbaluka akauliza. Tumbo haina.

— Hapo ndipo wamekushika, Nzomo akasema, akipunguza sauti. Mafaili hayakai ndani. Wanayaweka kwa wingu.

— Wingu gani?

— La mtandao. Ukitaka faili yako, inashuka.

Mbaluka alitazama juu. Anga ya Wote ilikuwa nyeupe, bila hata alama.

— Nzomo, mimi nimeishi Makueni maisha yangu yote. Hapa mawingu hupita tu yakienda Machakos. Msichana wangu atangoja faili mpaka Novemba?

Haroun alijaribu kusema kwamba si wingu hilo, lakini Nzomo alikuwa ameshapata upepo. Kila mwaka, alisema, wanapunguza kitu. Walianza kwa kuondoa mahali pa CD, tukanyamaza. Wakaondoa tundu la waya wa intaneti, tukanyamaza. Sasa wameondoa feni. Mwisho watakuuzia begi tupu wakuambie laptop iko ndani, na wewe, kwa kuogopa kuonekana mshamba, utasema ni nyepesi ajabu.

— Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, akamalizia. Na hizi zote mbili Haroun amezitembeza mwenyewe kutoka dukani mpaka hapa.

— Ni hatua tatu, Haroun akalalamika. Na ni nyinyi mliniita.

Wakati huo alikuwa amekaa pembeni mgeni mmoja, Sugow, msafirishaji wa mifugo kutoka upande wa Garissa, lori lake likizibwa pancha ng'ambo ya barabara. Alikuwa amepewa kahawa, amesikiliza chuchu, sisimizi na mawingu bila kutia neno. Sasa aliweka kikombe chini.

— Samahani, wazee. Hiyo kompyuta ni ya nani?

— Ya binti yangu, Mbaluka akasema.

— Anafanya kazi gani?

Mbaluka alifungua mdomo. Nzomo akamwahi, akasema mambo ya online. Haroun akasema IT. Mwanahamisi akasema yeye alisikia ni benki ya wazungu. Kisha wote watatu wakamtazama baba mwenye mtoto.

— Nauliza tu, Sugow akasema kwa upole. Mtu akiniambia nimtafutie ng'ombe, lazima nijue. Wa maziwa? Wa kulima? Wa kuchinja?

Mbaluka alilijua swali hilo. Ndilo la kwanza kwa kila mnunuzi, kabla hata ya kufungua mdomo wa mnyama, na aliwacheka madalali wachanga wanaolisahau. Miaka miwili Kavindu alikuwa akiongea Kiingereza na kioo cha kompyuta katika chumba cha nyuma. Akisema ana mkutano, Mbaluka mwenyewe ndiye aliyemfunga punda mbali na dirisha. Yeye ndiye aliyewafukuza kanga kwa kofia na kuwanyamazisha wajukuu kwa macho. Aliilinda kazi hiyo kuliko mtu yeyote pale nyumbani, na hakuijua hata jina lake. Aliona aibu, na aibu hiyo haikuwa mbele ya mgeni.

Alitoa simu, akapiga hapo hapo benchini.

— Baba? Uko sawa?

— Niko sawa. Nataka kukuuliza kitu. Kavindu, wewe unafanya kazi gani?

Nzomo akaangalia viatu vyake.

— Miaka miwili, Baba. Nilidhani hutaki kujua.

— Nilitaka. Niliogopa utanieleza nikose kuelewa, halafu ujue sijaelewa.

Kavindu hakucheka. Alisema taratibu, kama mtu anayemshika mzee mkono kwenye mteremko:

— Nachora ramani za maji. Kuna picha zinapigwa kutoka juu sana, natumiwa mimi. Naangalia mahali maji yanapita chini ya mchanga wa mito, nachora, wale wanaochimba visima wanafuata mchoro wangu.

— Mito ya wapi?

— Ya kila mahali. Mingi ni ile watu wanasema imekufa.

Mwanahamisi aliinamisha birika, likatoa tone moja na mashapo. Haroun alinong'ona kwamba anafunga duka aende msikitini, basi ni gani, ya fedha ama nyeusi? Mbaluka alimnyooshea kiganja anyamaze. Alikuwa ameinuka benchini, ametembea mpaka penye kivuli cha ukuta, simu ameibana sikioni kwa mikono yote miwili.

— Niko na muda, alisema. Anza na ule mto wetu. Maji yake yanapita wapi?