Mama wa Opio na Odongo Anarudi Kirewa

Baada ya miaka ishirini na tisa ya kazi, Madam Norah Athieno, mkuu wetu wa kompyuta, anastaafu tarehe 30 Juni na kurudi kwao Kirewa. Nimepewa ukurasa mmoja wa kumwaga sifa zake, na mwenyewe ameshanionya nisimfanye malaika. Sina wasiwasi. Malaika hawapigi kelele kama yeye.

Alianza hapa Busia kama mpiga chapa, akigonga fomu za forodha kwa taipureta. Kompyuta ya kwanza ilipoletwa, wengi waliiogopa. Yeye aliifungua siku ya pili aone kilichomo, bosi nusura azimie. Kampuni ikampeleka Kampala kusoma. Akarudi na shahada, na kicheko kikubwa zaidi.

Ndiye aliyeigawa kompyuta yetu kubwa iwe seva mbili, kila moja ikijitegemea kana kwamba ina mashine yake. Akaziita Opio na Odongo, kama mapacha wanavyoitwa kwao: Opio aliyetangulia, Odongo aliyefuata. Opio anashika barua pepe. Odongo anashika nyaraka za mizigo yote tunayoivusha mpaka.

Sasa ile Jumatatu ya mwaka jana! Wikendi kabati la diski za mapacha hao lilikuwa limebadilishwa. Asubuhi Opio akaamka vizuri, Odongo akagoma. Skrini ilisema haioni diski ya kuanzia, ikaganda hapo hapo. Nje, lori la dereva Oketcho lilikuwa limejaa vifaranga wa siku moja, mali ya kikundi cha akina mama wa Kirewa waliojinyima mwaka mzima kuwaagiza. Bila nyaraka geti halifunguki, na jua la Busia mnalijua. Oketcho akaja mbio hadi mlangoni: "Madam, watoto wananifia kwa boksi!"

Tulizima, tukawasha, tukazima tena. Fabiano, fundi wetu kutoka Bulumbi, alishakuwa tayari kumfuta Odongo na kumjenga upya, na nyaraka zote zingeenda naye. Madam Norah akamwinua kitini, akauliza swali moja tu: "Opio mulimupatia nini, Odongo hakupata?"

Fabiano akashika kichwa. Alipohamisha diski kwenye kabati jipya, alimpa Opio ruhusa ya kuiona yake kwanza, kwa heshima ya ukubwa wake, akaona amwache asimame vizuri ndipo amhudumie mdogo. Kisha akakimbilia harusi Tororo, akasahau. Diski ya Odongo ilikuwepo, nzima kabisa, ila mwenyewe hakuruhusiwa kuiona.

"Kwetu mapacha wanakula pamoja," Madam akasema, vidole vikikimbia kwenye kibodi. Akamuunganishia diski yake, akawasha. Odongo akaamka! Jamani, tulipiga vigelegele hadi wabadilisha fedha wa ng'ambo ya barabara wakatoka kuchungulia. Lori likavuka, vifaranga wakilia kwa afya zao zote, na Fabiano akanunulia ofisi nzima chapati.

Tangu atangaze kustaafu, nikiri, tumekuwa na hofu: Odongo akigoma tena, tutamlilia nani? Madam aliliona hilo. Ijumaa iliyopita alimwambia Fabiano awazime mapacha wote wawili na kuwaamsha mwenyewe. Yeye akakaa nje, mgongo kwa mlango, akimenya karanga. Hakugeuka hata mara moja. Opio akaamka, Odongo akaamka, Fabiano akatoka ametokwa na machozi. Madam akampa karanga zilizobaki, akaenda kuongea kwa simu, na sauti yake ile kama mvua juu ya mabati.

Asante, Madam Norah, kwa kutufundisha bila kutuogopesha. Tutakukumbuka mno. Akina mama wa Kirewa nao wamekuletea shukrani: majogoo wawili wa kizazi cha wale vifaranga, na majina yao huhitaji kuambiwa. Uishi kwa raha na afya nyumbani kwako, na kila asubuhi ukimmwagia mkubwa mtama, na mdogo apate.