Jiko Linalong'aa la Mama Damari

Miaka thelathini na mmoja jikoni, shule ile ile, mwiko ule ule. Ifikapo tarehe 30 Juni 2026, Bi. Damari Chidosa, mpishi mkuu wa shule yetu ya bweni hapa Kilimatinde, anavua aproni. Mimi Laurenti, mtunza stoo, ndiye niliyeombwa kuandika wasifu wake. Sijui kama nilistahili.

Alianza mwaka 1995, akisonga kwa kuni ugali wa watoto mia nne. Makande yake ya Ijumaa yaliwachelewesha kurudi nyumbani hata walimu wenye wake zao. Na hakuna mwanafunzi aliyemwamkia shikamoo akaitikiwa bila kutajwa jina.

Mwanzoni mwa 2024 daktari alimwonya: moshi unamaliza macho yake, na asipoachana nao, hata kidogo kilichobaki kitakwenda. Kwa bahati, agizo la serikali kwamba shule kubwa ziache kuni lilikuwa limetufikia, na Machi tukafungiwa jiko la gesi. Siku ya kwanza, jamani! Mama Damari aliinama kwa mazoea, akaupuliza moto. Ukazimika, gesi ikaendelea kutoka, tukatimka sote nje na miiko mkononi. Alicheka hadi akakaa chini.

Gesi iliwaka wiki kumi na moja. Tunaambiwa nchi yetu ina gesi tele, na ni kweli, ila bomba halijafika huku. Yetu huja kwa lori kutoka bandarini, na kila kilomita imo ndani ya bei. Bei ilipopanda, fungu la shule likaisha, nami nikaagiza kuni. Nilimwambia ni za wiki moja tu. Alikaza khanga yake, akainama, akapuliza. Wiki hiyo moja ina miaka miwili sasa.

Tuliandika barua nne kuomba fungu la gesi, tukajibiwa tuwe na subira. Subira yavuta heri, walisema wahenga. Yetu ilivuta moshi, na aliyeuvuta ni mtu mmoja.

Hata hivyo, kila Ijumaa aliendelea kulifuta lile jiko kwa kitambaa cha sabuni, ili gesi ikirudi ilikute tayari. Linang'aa mpaka leo. Ni muhula huu tu ndipo tulipogundua kwamba analifuta kwa kupapasa, na kwamba wanafunzi anawajua kwa sauti. Miaka yote hii tumemsifu kwa kumbukumbu, kumbe haoni. Inaniuma sana.

Mama Damari, asante kwa kila sahani. Zile kuni nisamehe. Nenda Mitundu kwa binti yako Raheli, upikiwe na wewe, Mungu akupe siku nyingi zisizo na moshi.

Nilitaka wasifu huu tuutie kwenye fremu, uutundike ukutani. Selina, msaidizi wako, amenishauri tuache fremu. Atakusomea yeye, polepole, mara mbili.