Mwalimu Mikono Nyuma na Somo Lake la Kompyuta

Dada yetu tunayemsindikiza leo alizaliwa tarehe 14 Machi 1966, katika chumba cha nyuma ya duka la baba yetu, fundi saa. Alikuwa wa tatu kati ya watoto watano, na wa kwanza kufungua saa ya mteja bila ruhusa. Baba hakumchapa. Alimwambia, "Umeifungua, kaa hapo mpaka uifunge." Alikaa siku nzima.

Alianza shule ya msingi mwaka 1973, akamaliza sekondari mwaka 1984, na mwaka 1987 alihitimu chuo cha ualimu katika hisabati. Alifundisha shule moja tu, miaka thelathini na saba, katika jengo lile lile lenye madirisha yasiyofungika sawasawa.

Tarehe 12 Desemba 1992 alifunga ndoa na fundi cherehani aliyekuwa na chumba cha kazi mtaa wa pili. Walijaliwa watoto wawili. Shemeji yetu ni mtu wa maneno machache, lakini wiki hii ametuambia, "Mimi nimerudia kidato cha kwanza mara nne." Ni kweli. Kila somo aliloandika, dada alimsomea kwanza mumewe akiwa kwenye cherehani. Asipoelewa, karatasi ilirudi mezani.

Kazi iliyomkalia moyoni ilitokana na kosa lake mwenyewe, na hakuwahi kulificha. Mwaka 2003 alipewa somo la kompyuta wakati mashine zenyewe zilikuwa bado zimefungiwa stoo. Akachora kibodi ubaoni, akafundisha kwa chaki muhula mzima. Darasa lilifaulu vizuri mno. Stoo ilipofunguliwa, msichana aliyepata tisini na sita aliinua kipanya hewani, akakielekeza kwenye kioo kama rimoti, akabonyeza. "Mwalimu, hii yangu mbovu." Darasa lilicheka. Dada hakucheka. Alisema baadaye kwamba siku ile aliyefeli alikuwa yeye, na alama zote zile alikuwa amejipa mwenyewe.

Mwaka 2019 alipoombwa na kamati ya mitaala kupanga upya somo hilo kwa kidato cha kwanza na cha pili, alijua anachokitaka. Shule ilikuwa na kompyuta kumi na moja na wanafunzi arobaini na wanne kwa darasa. Wanne kwenye kila mashine: mmoja ashike kipanya, mmoja asome maelekezo, mmoja aandike makosa, na yule anayejua tayari aweke mikono nyuma, asaidie kwa mdomo tu. Hapo ndipo alipopata jina mlilolisoma juu ya ukurasa huu. Na mwisho wa mwaka pasiwe na mtihani wa kutaja sehemu za kompyuta. Kila kundi litengeneze kitu cha kumfaa mtu, kisha limweleze mtu huyo.

Kamati ilimuuliza, "Mama, hilo utalisahihishaje?"

"Nitakaa nisikilize."

"Watoto wote hao?"

"Kwani wewe una haraka ya kwenda wapi?"

Agosti 2023 aligundulika kuwa na saratani ya damu. Aliendelea kuandika wodini, daftari likiwa juu ya magoti, na muuguzi mmoja akageuzwa mwanafunzi. Tarehe 6 Januari mwaka huu barua ya kamati ilifika: somo limekubaliwa, lakini mtihani wa kutaja sehemu ubaki. Mwalimu kijana aliyeachiwa darasa alimpongeza. Dada alikunja barua. "Mwanangu, wamechukua nyumba, wamekataa mlango. Nipe kalamu." Aliandika kurasa mbili, akaeleza habari ya chaki na kipanya bila kujitetea. Maumivu yalimsimamisha mara tatu. Tarehe 22 kamati ilijibu: mtihani uondolewe, kwa majaribio ya mwaka mmoja.

Somo lilianza Jumatatu, tarehe 27. Jioni ile mwalimu kijana alikuja hospitali, uso umemshuka.

"Limekwendaje?" dada akauliza.

"Vibaya, mama. Kelele tupu."

"Kelele za nini?"

"Wanabishana. Huyu anasema kosa liko mstari wa pili, yule anasema wa tatu. Kengele imelia, wamekataa kutoka."

Dada alifumba macho, akatabasamu. "Basi," alisema. "Kesho usiwanyamazishe."

Alifariki Alhamisi, tarehe 30 Januari 2025, saa moja na nusu asubuhi, mumewe akiwa ameshika mkono wake.

Ameacha mume, mtoto wa kike na wa kiume, wajukuu watatu, kaka wawili, wadogo zake wawili wa kike, na wanafunzi arobaini na wanne wa kidato cha kwanza ambao hawakuwahi kumwona, na ambao hadi jana walikuwa bado wanabishana.

Mwalimu, pumzika sasa kwa utulivu. Kazi tumeipokea.