Hodi ya Nne

Assalaamu alaykum, akina mama. Kwanza naomba radhi kwamba nasimama hapa karibu na mlango, si kule mbele mlikoniwekea kiti. Kiti nimekiona, kizuri, kina mto wa bluu. Lakini nikiwa karibu na mlango maneno yanatoka. Halafu hiyo taa ya tatu kutoka dirishani inalia. Hamuisikii? Mie naisikia tangu nilipoingia. Nani ataizima? Ahsante mwanangu, Mungu akuweke.

Na msinitizame sana machoni. Tizameni mikono yangu. Si dharau, na hilo hasa ndilo nililosimama kulieleza.

Wengi wenu tumekaa pamoja hapa Wembley miaka mingi, na nusu yenu mmewahi kusema nina kiburi. Msibishe. Mmoja alilisema ndani ya basi, na mie nimekaa kiti cha mbele yake nimejitanda mtandio, hakunijua. “Yule ukimuamkia anakujibu moja, habari za watoto wako hata haulizi.” Kweli tupu. Salamu zetu watu wa Unguja nilikuwa nazihesabu. Habari za nyumbani, za watoto, za mzee, za kazi, za tangu juzi. Zikifika nane mie nishachoka, na mwenzangu ndiyo kwanza anaanza mazungumzo. Nilipokuwa mdogo walisema nina shetani. Nikanyweshwa makombe, maji ya aya zilizoandikwa kwa zafarani, mpaka nikaijua ladha yake kuliko ya chai. Shetani hakutoka, maana hakuwemo.

Nilikuja Landani na mume wangu katikati ya miaka ya tisini. Yeye anaendesha basi, mtu mwema, anaongea kwa niaba yetu wote wawili. Tukapewa flati ya kaunsili, ghorofa ya nne. Tukapata binti, halafu mvulana.

Binti alipotimiza miaka minne akaanza skuli. Skuli yenyewe haikuwa na neno, na mtoto aliipenda. Tatizo lilikuwa geti. Saa tisa na robo mchana, mama thelathini wamesimama pamoja, wote wanasema kwa wakati mmoja, manukato ya huyu na sigara ya yule, vigari vya watoto vinakukanyaga visigino, na wewe utabasamu. Nikirudi nyumbani najifungia chooni. Nakaa juu ya mfuniko, taulo kichwani, nusu saa nzima, na wanangu wanagonga nje wanataka chakula.

Baada ya mihula miwili nikamtoa. Nikaandika barua kwamba nitamsomesha mwenyewe nyumbani, sheria hapa inaruhusu. Akaja bwana mmoja wa kaunsili, mpole, akapekua madaftari, akasema vizuri sana. Na nyinyi mliponiuliza nilijibu nini? Nilisema nataka watoto wajue dini yao na Kiswahili chao, wasije wakapotea. Mkanisifu! Kwenye darsa moja nilitajwa kuwa mama wa mfano, mkanigeukia nyote, nikatamani zulia linimeze.

Uongo, ndugu zangu. Nilimtoa mtoto kwa sababu ya geti. Yeye hakuwa na shida na mtu. Mie ndiye nilikuwa siwezi.

Sisemi siku zote zilikuwa mbaya. Asubuhi tulikaa mezani, binti akijumlisha kwa maharage makavu, mdogo akipanga vifuniko vya chupa kwa rangi. Nilipenda ule utaratibu, saa tatu kusoma, saa nne hesabu, saa tano Qur'ani. Lakini watoto hawawezi utaratibu ndani ya kuta nne. Wanalia, wanapigana, wanakuita jina mara mia, na hakuna pa kukimbilia. Nilikuwa nimekimbia geti nikajifungia jela, na ufunguo ninao mwenyewe mfukoni. Kila niliposema kesho nitamrudisha skuli, nakumbuka sifa zenu. Mama wa mfano atarudi vipi nyuma?

Mvulana alifika miaka mitatu hasemi. Muuguzi wa watoto akaja, akanipa kijikaratasi nikisome. Kilikuwa kinaeleza ule ugonjwa, niseme hali, ambayo siku hizi kwetu nasikia wanaiita usonji. Nikakisoma kwa ajili ya mtoto. Mstari wa kwanza haukumhusu. Wa pili haukumhusu. Yeye alikuwa amechelewa tu kusema, na leo hii mnamjua, hanyamazi. Wa tatu nikakaa chini. Kelele zinamuumiza. Salamu zinamchosha. Akibadilishiwa utaratibu wake siku inaharibika. Anaona taabu kumtizama mtu machoni. Ndugu zangu, nawaambia, ilikuwa kama mtu amekaa kando yangu miaka thelathini anaandika.

Nikaenda kwa daktari. Akanitizama akacheka kidogo, kwa upole. Akasema una mume, una watoto, unasema vizuri, wewe umechoka tu. Akaniandikia vidonge vya kuongeza damu. Nikakificha kijikaratasi chini ya kopo la sukari na kila siku nakitoa nakisoma. Je, ndiyo mie? Au natafuta kisingizio cha uvivu wangu? Na kama ndiyo mie, nimwambie nani? Kwetu jambo kama hili ni la mtoto mdogo, mtu mzima akiwa nalo anafichwa. Niliogopa jambo moja tu. Wakijua, watasema mama huyu hafai kusomesha, hafai hata kulea, na watanichukulia wanangu.

Kwa hiyo nikafunga mlango zaidi. Na hapa ndipo niliposhika adabu zetu wenyewe nikazitia sumu.

Mnajua hodi ni tatu. Mtu akipiga hodi tatu asijibiwe, anarudi, hana haki ya kununa. Nikawafundisha watoto mchezo. Nikawaambia, hodi ikisikika tunakuwa sanamu. Hatupumui. Tunahesabu moja, mbili, tatu, na ikisha ya tatu mtu anakwenda zake. Binti akauliza, “Hata akiwa bibi wa chini?” Nikasema hata akiwa yeye. Simu nayo nilikuwa naichomoa asubuhi. Jiko nikawakataza kuligusa. Mlango nikawakataza kuufungua. Watoto wangu walikuwa watiifu sana, mkawasifia na hilo.

Huyo bibi wa chini ni mama mmoja wa Kipemba, anakaa ghorofa ya pili. Yumo humu ndani, sitamtaja, ila amejifunika uso kwa mtandio na anacheka. Ramadhani moja baba watoto alimpelekea futari katika bakuli langu la maua. Na bakuli kwetu halirudi tupu, wala haliachwi nje ya mlango, linakabidhiwa mkononi. Basi bibi wa watu akapanda na bakuli langu mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tano. Hodi, hodi, hodi. Sisi sanamu. Anashuka nalo.

Siku moja, saa nne asubuhi, maharage yapo jikoni, watoto wanagombania kalamu, nikahisi kichwa kinapasuka. Nikaingia bafuni, nikajifungia. Nilipotaka kutoka, kitasa kikanibakia mkononi. Bafu zile hazina dirisha. Nikavuta, nikasukuma, nikagonga kwa kopo. Mume wangu yuko kazini mpaka magharibi. Binti miaka sita, mvulana minne. Moto umewaka na maji ya maharage nilikuwa nimeyakadiria ya saa moja.

Nikaanza kusikia harufu ya kuungua. Na hapo hapo nikaisikia sauti mlangoni.

“Hodi!”

Akina mama, nitawaambia jambo ambalo mume wangu mwenyewe nilimwambia mwishoni. Nilinyamaza. Mie! Nimefungiwa, chakula kinaungua, wanangu wako na moto, na msaada umesimama hatua sita kutoka nilipo. Mwili ulikuwa sanamu. Hodi ya pili nikafungua mdomo, sauti haikutoka. Hodi ya tatu. Halafu nikasikia vidole vidogo vinakwaruza mlango wa bafu, na binti yangu ananong'ona, kwa Kiingereza chake, kwa furaha kabisa: “Usiogope, Mummy. Ameshaondoka. Tumefanya vizuri.”

Hapo ndipo sauti ilipotoka, na ilikuwa ya kutisha. Mkimbilie! Fungua mlango! Mwite! Mtoto akaanza kulia. “Lakini ulisema! Ulisema hata akiwa bibi!” Kadiri nilivyopiga kelele ndivyo alivyozidi kuganda. Nikamuona, ingawa kulikuwa na mlango kati yetu. Mtoto aliyeshika sharti mpaka sharti likamshika yeye. Nilimjua, maana ndiye mie. Nikakaa juu ya sakafu nikalia, na moshi ukaanza kupenya chini ya mlango.

Bibi anasema alikuwa keshafika kwenye lifti. Ameshabonyeza, mlango umefunguka, akasikia harufu. Akasema moyoni, maharage yanaungua na mwenyewe yumo. Maana siku zote alijua tumo! Alikuwa akipanda anawasikia watoto wakisoma, akipiga hodi kunakuwa kimya. Hakumwambia mtu. Alijiambia huyu ana sababu zake, iko siku atafungua.

Akarudi. Akapiga magoti, na magoti yake mnayajua, akafungua tundu la barua la mlangoni. Nikamsikia anasema polepole, “Mwanangu, mama yako kakwambia hodi ngapi usifungue?”

Binti akajibu huku analia, “Three.”

“Umezihesabu?”

“Yes.”

“Zilikuwa tatu?”

“Yes.”

“Haya. Hii ni ya nne. Ya nne mama yako kakwambia nini?”

Nilimsikia mwanangu anafikiri, wallahi nilimsikia. Ya nne sikuwahi kumwambia kitu. Halafu nikasikia anakokota kiti, na mnyororo wa mlango ukatoka.

Alizima jiko kwanza. Sufuria iliharibika, tuliitupa. Kisha akanifungulia kwa mpini wa kijiko. Nikajikunyata nikingoja maneno, na zaidi nikingoja anikumbatie, maana watu wakikuonea huruma ndivyo wafanyavyo, na mie nikikumbatiwa naungua. Hakunigusa. Alikaa kwenye sakafu ya ukumbi, mbali nami kidogo, bakuli langu pajani, akasema, “Mficha uchi hazai, mwanangu. Una nini?”

Nikamwambia yote. Geti, uongo wangu, taulo kichwani. Nikamtuma binti alete kijikaratasi chini ya kopo la sukari. Bibi hakusoma, hakuwa na miwani. Akasema, “Jina lake mimi silijui. Ninachoona ni kwamba wewe unachoshwa na mambo ambayo mimi hayanichoshi. Basi hayo nipe mimi.”

Maneno hayo nimeyaandika nyuma ya kijikaratasi kile.

Wiki ile ile binti aliandikishwa tena skuli, na getini amesimama bibi, si mie. Anawaamkia wote thelathini, anawauliza mpaka habari za paka wao. Mvulana nikaendelea naye nyumbani mwaka mmoja zaidi, kwa sababu alitaka na kwa sababu niliweza, mmoja si wawili. Nilikwenda kwa daktari mwengine, baba watoto amekaa pembeni, nikazungumza huku natizama viatu vyangu. Ameandika barua nikapimwe. Foleni ni ndefu. Hadi leo sina karatasi ya kuniambia ndiyo au siyo, na kuna siku bado najiuliza kama najidanganya. Ule mlango haujafunguka. Lakini siko nyuma yake peke yangu.

Namshukuru mume wangu. Nilipomwambia kwamba nilinyamaza hodi ikipigwa, alikwenda kununua kitasa kipya. Hakuniuliza kwa nini. Namshukuru binti yangu aliyejua kuhesabu mpaka nne. Na wewe unayecheka kwenye mtandio, bakuli lile halina tena kwako wala kwangu.

Ninalotaka kuwaachia ni dogo. Mkienda kwa mtu mkapiga hodi tatu asijibu, rudini, adabu ni adabu, na wengine kweli hatutaki mgeni siku hiyo. Msituite wenye kiburi, basi. Lakini mkifika kwenye lifti mkasikia harufu ya maharage yanaungua, msishuke. Rudini mpige ya nne. Pengine aliye ndani ananyamaza na huku anakuombeni.

Kwangu sasa kuna kanga ya kijani. Mkiikuta imefungwa kwenye kitasa cha nje, karibuni, pigeni hodi, nitafungua mwenyewe. Sijapata kuwaambia neno hilo tangu nije nchi hii.

Karibuni. Mmoja mmoja lakini.